Barua Niliyoichelewesha Kanamkemer

Siku ya kwanza mtu kuniambia kwamba nyumba yake ya Lodwar imeota kuvu, nilicheka. Nasema kweli, nilicheka mpaka nikavua miwani. Lodwar hii, ambako unaanika shati, ukigeuka kuanika la pili, la kwanza limeshakauka? Kuvu itoke wapi? Yule mama alinitazama tu, akangoja nimalize, kisha akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu kuliko nilivyocheka.

Ninyi vijana mnaoanza kazi ya usaidizi wa sheria mmeniandikia mara mbili sasa, mkitaka niwaeleze tulivyokuwa tukishughulikia malalamiko ya watu waliougua kwa sababu ya majengo. Mnasema kwenye mafunzo mlipewa ardhi, mkapewa mirathi, mkapewa haki za watoto, lakini ukuta unaomfanya mtu augue hamkupewa. Sisi pia hatukupewa. Nitawaeleza ninayoyakumbuka jinsi yanavyonijia. Nitaanza na aibu yangu, maana sifa zangu, kama zipo, mtazisikia kwa watu wengine.

Nilifanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria pale Lodwar, na kila baada ya wiki mbili nilikwenda Kakuma kwa siku tatu. Sikuwa wakili. Nilikuwa yule wa meza ya mbele, anayesikiliza kwanza na kuandika, kisha anamwambia mtu kama anahitaji wakili, au chifu, au glasi ya maji na mtu wa kumsikiliza. Kwetu ni upande wa Kakamega, jina langu Shivachi. Mke wangu alifariki nikiwa nimekaa Turkana mwaka wa sita, na baada ya hapo kazi ndiyo ikawa nyumba yangu.

Yule mama aliyekohoa aliitwa Trufena. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa kwetu, na alipanga chumba kimoja Kanamkemer. Hakuwa ameolewa. Watu wakimuuliza, alisema waombaji bado wanahojiwa. Alikuwa na mdomo mwepesi hivyo hivyo, na macho ya mtu anayejua umemaliza biskuti za watoto. Nilimpenda, na afadhali niliseme mapema ili msije mkasumbuka kulitafuta katikati ya maneno. Sikumwambia kwa miaka mingi. Kwanza alikuwa mteja, na mteja si mtu wa kuposwa, hilo mlishike. Baadaye nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza.

Nilipomaliza kucheka nikaenda kuona. Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali ya saruji, kimepakwa rangi ya mafuta ndani, dirisha moja dogo ambalo duka la jirani lilikuwa limelijengea mgongo. Nyuma ya ukuta wa kitanda palikuwa na bafu la wapangaji wote, na juu ya bafu mwenye nyumba aliweka tangi kubwa la maji. Tangi lilivuja taratibu, na maji yalishuka ndani ya ukuta. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mto wa kulalia, ukuta ulikuwa na madoa meusi na ya kijani. Harufu yake ilikuwa ya gunia la mahindi lililosahauliwa nje wakati wa mvua. Kwetu Kakamega naijua. Sikutarajia kukutana nayo Lodwar.

Nilimwita Ekai. Yeye alikuwa afisa wa afya ya umma, Mturkana wa Kalemng'orok, na ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko semina yoyote. Aliniambia kwamba mtu akiugua nyumbani kwake, yeye afisa ana uwezo wa kuingia, kukagua, na kumpa mwenye nyumba ilani ya kuondoa kero. Kero hapa si maudhi ya kawaida. Ni neno la sheria, maana yake kitu kinachodhuru afya ya watu, na nyumba yenye unyevu wa kumtia mtu ugonjwa ni mojawapo. Mwenye nyumba asipoitii ilani, afisa anampeleka mbele ya hakimu, na mpangaji halipi chochote.

"Mimi nakuja Alhamisi," Ekai aliniambia. "Wewe nyamaza."

Nami sikunyamaza. Niliona ni utovu wa adabu kumletea mwanamke mgeni wa serikali bila kumtaarifu. Jumatano jioni nikapita shuleni, nikamwambia Trufena kesho afisa atakuja kuona chumba.

Mnacheka? Mtu yeyote aliyelelewa na mama anajua kilichofuata. Tulipofika Alhamisi tulikuta chumba kinang'aa. Alikuwa ameamka alfajiri, akasugua ukuta kwa brashi na dawa ya kuondoa madoa, akaufuta, akapaka chokaa, akatandika kitambaa cha mezani kilichofumwa kwa mkono, na chai ilikuwa kwenye chupa. Hata kitanda alikisogeza ili mgeni apate nafasi. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima, kwa sababu alivuta ile kuvu yote puani akiisugua, lakini alikuwa na furaha.

Ekai alikunywa chai yake yote kwa heshima. Tulipotoka nje akanigeukia.

"Shivachi, hii mama ameosha ushahidi. Mimi naandika nini sasa? Naandika chai ilikuwa tamu?"

Basi hilo la kwanza. Mwambie mteja wako asiguse ukuta, na umweleze sababu, maana kwake yeye uchafu ukionekana na mgeni ni fedheha ya ukoo mzima. Apige picha, na ninyi mna bahati, simu zenu zinaandika tarehe zenyewe. Sisi mwanzoni tulikodi mtu wa picha wa pale mjini, na yeye alitaka kila mara mpangaji asimame kando ya kuvu akitabasamu. Mwambie aweke kadi zote za hospitali, hata ile ya dawa ya kikohozi tu. Kila anapokwenda kwa daktari aseme analala wapi na ukuta wake ukoje, ili daktari aandike. Daktari asiyeambiwa ataandika vumbi. Turkana kila kifua husingiziwa vumbi.

Na msimruhusu mtu awaletee ukuta ofisini. Kulikuwa na mwenye duka mmoja wa Lokori aliyeambiwa na mtu kwamba ofisi yetu inataka ushahidi. Alibomoa kipande cha ukuta wa stoo aliyopanga, akakifunga kwenye mfuko wa sukari, akapanda lori siku nzima, akakitua mezani kwangu na kukifungua kwa fahari. Ofisi nzima ilipiga chafya. Wakili wetu, ambaye alikuwa na pumu, alitoka nje kupitia dirishani. Ekai alipoitwa alikiangalia kile kipande kwa huruma, akasema ni kuvu nzuri kabisa, lakini nani atathibitisha imetoka Lokori na si nyuma ya jiko la mtu? Sampuli huchukuliwa na afisa mwenyewe, mahali penyewe, mbele ya watu. Yule bwana alirudi Lokori na mfuko wake, na Ekai akamfuata wiki iliyofuata, na yule bwana akafurahi kwamba angalau safari yake ilisikika.

Sasa nirudi Kanamkemer, maana nimekuwa nikizunguka.

Mwenye nyumba wa Trufena alikuwa mtu wa kwetu pia. Jina lake silitaji, ametangulia, na watoto wake wako. Sisi watu tuliotoka mbali kwenda kufanya kazi Lodwar tulikuwa na chama cha watu wa nyumbani, na mnajua chama kama hicho ni cha nini hasa. Ni cha kufa. Ukifia Turkana, chama ndicho kinachokutafutia jeneza na gari, kinakusindikiza usiku na mchana mpaka kwenu, na kinasimama kaburini kusema ulikuwa mtu wa watu. Mtu asiye na chama anaweza kulala chumba cha maiti akingoja ndugu wapate nauli. Mwenye nyumba yule ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu. Alikuwa ameshawasindikiza wengi, na mmoja wao alikuwa mke wangu. Alikaa kando ya jeneza lake njia nzima, akiniambia nilale kidogo.

Nami nilikuwa katibu.

Kwa hiyo mnaona. Kanuni ya kazi yetu ilisema, mtu akija na ugonjwa wa nyumba, barua ya taarifa kwa mwenye nyumba iandikwe siku hiyo hiyo, apewe mkononi, asaini kwamba ameipokea, na nakala ibaki kwetu. Mimi mwenyewe niliifundisha kanuni hiyo kwa vijana waliokuwa kabla yenu. Ile ya Trufena sikuiandika. Nilimwambia, "Huyu ni mzee wetu, tuongee naye kwanza kama watu wa nyumbani."

Tuliongea Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa, soda mkononi. Mwenyekiti alimsikiliza Trufena kwa upole wa mwenyekiti.

"Mwalimu, wewe ni dada yetu," alisema. "Mambo ya tangi nitaangalia. Lakini hii habari ya afisa kuja kwangu, hii ya sheria, imetoka wapi? Ukilala leo, nani atakufikisha kwenu? Afisa?"

Watu walicheka. Mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Trufena hakucheka. "Mwenyekiti, mimi sijasema nataka kulala. Nataka kupumua."

Mtu akaomba tufunge kwa sala.

Fundi alitumwa. Tangi hakuligusa, alipaka ukuta rangi mpya ya mafuta, rangi ya maziwa. Kwa wiki tatu kilikuwa chumba cha bibi harusi. Wiki ya nne rangi ilianza kufura, ikapasuka, na nyuma yake kuvu ilikuwa imenenepa. Trufena alikuja ofisini kwangu.

"Shivachi, ile barua?"

Nikamwambia tumpe mzee nafasi. Alikuja tena, nikamwambia mzee amesafiri. Akaja tena, nikamwambia nimeongea naye kwa simu, ameahidi. Na kweli nilikuwa nimeongea naye. Kuongea niliongea sana. Mtauliza kwa nini hakuhama. Kuhama kiwanja cha mwenyekiti kulikuwa kumtukana mwenyekiti mbele ya watu wote wa nyumbani, na mimi ndiye niliyemwomba asifanye hivyo. Miezi mitano ilipita namna hiyo.

Siku moja saa nne asubuhi alianguka mbele ya darasa akiwaimbisha watoto herufi. Walimu wenzake walimweka kwenye bodaboda katikati ya watu wawili wakampeleka hospitali. Nilipofika alikuwa na hewa ya mtungi puani. Daktari, kijana mmoja makini, alinitoa nje akaniambia si vumbi na si kifua kikuu. Mapafu yalikuwa yamechoshwa na kuvu kwa muda mrefu mpaka yakaanza kuwa na makovu, na kovu la ndani halifutiki. Aliniuliza nani alikuwa akimshauri. Nikamwambia mimi.

Barua niliiandika siku ile. Na Ekai alikwenda Kanamkemer bila kumwambia mtu, hata mimi.

Aliwasalimu wote uwanjani, "Ejok, ejok," mpaka kuku nadhani. Mwenyekiti akamkaribisha chai.

"Chai ngoja kwanza," Ekai alisema. "Wacha niongee na hii ukuta."

Alitoa ufunguo wa pikipiki, akakwaruza rangi ya maziwa mbele ya wapangaji watatu, na chini yake palikuwa peusi tii. Akapiga picha, akachukua sampuli, akawaandikisha wale watatu majina kama mashahidi, akapanda juu kuona tangi, kisha akaandika ilani palepale juu ya tangi la pikipiki yake na kumpa mwenyekiti siku za kutengeneza. Baada ya hapo ndipo alipokunywa chai. Alikuwa mtu asiyepoteza chai.

Sasa sikieni vizuri, maana hapa vijana wengi huchanganyikiwa. Ilani ya afisa ni njia moja, na kazi yake ni kutengeneza nyumba. Haimlipi mgonjwa fidia. Mgonjwa ana njia yake mwenyewe ya kudai fidia mahakamani kwa madhara aliyopata, na njia hizo mbili hazipigani, zinaweza kwenda pamoja. Nimeona watu wakifurahi ilani imetoka, wakakaa, mpaka saa ya sheria ikawapita. Kwa madhara ya mwili huwa ni miaka mitatu, na kama jengo ni la serikali ni mwaka mmoja tu, kwa hiyo mpelekeni mtu kwa wakili mapema, msijifanye mawakili. Lipo pia jopo la kesi za wapangaji kwa ugomvi wa pango na matengenezo. Mpangaji asiache kulipa kodi kwa hasira, maana mwenye nyumba atageuza kesi ya kuvu kuwa kesi ya kodi na utashangaa nani amekuwa mshtakiwa. Na mtu akiugulia kazini, kwenye ofisi au stoo ya mwajiri, mlango wake ni ule wa idara ya kazi, aripoti huko na kwa mwajiri kwa maandishi. Katiba yetu pia inataja makao yanayofaa na mazingira safi. Itajeni, lakini msisimame mahakamani na Katiba peke yake mkononi. Nendeni na kadi za hospitali.

Trufena alishinda kesi yake, kama kushinda ndiko kule. Nilikaa benchi la nyuma. Hakimu aliuliza jambo moja tu ambalo silisahau, mwenye nyumba alijulishwa lini kwa maandishi? Wakili wetu akasoma tarehe ya barua yangu. Wakili wa mwenyekiti akasimama akasema mteja wake alipopata barua alitengeneza tangi ndani ya siku kumi, na kwamba hayo mazungumzo ya kanisani na ya simu hayana tarehe wala sahihi. Alikuwa anasema kweli. Miezi mitano ya kikohozi ilifutwa kwenye hesabu ya fidia, na aliyeifuta nilikuwa mimi, kwa kalamu ambayo sikuishika.

Baada ya hukumu chama kilikaa. Iliamuliwa kwamba mwanachama anayemshitaki mwenyekiti amejitoa mwenyewe. Jina la Trufena likatwe kwenye orodha ya watakaosafirishwa. Mikutano huwa na katibu, na katibu huandika kilichoamuliwa. Nililikata. Nilitumia rula ili mstari unyooke, sijui kwa nini. Mwezi uliofuata nilijiuzulu ukatibu, lakini mstari ulikuwa umeshachorwa.

Alihamia Kakuma. Alipata kazi katika shule moja ya chekechea, akapanga chumba cha matofali ya udongo chenye dirisha kila upande, upepo unaingia huku unatokea kule na kupeperusha karatasi zake zote. Jirani yake alikuwa Mama Solange, Mkongo mmoja mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kuita watu watatu kwa mpigo mmoja. Asubuhi zote alipitia mlangoni kumkagua Trufena kama nesi.

"Mama Trufena, leo unapumua muzuri?"

"Muzuri, Mama."

"Njo vile. Basi kuya tukunywe chai, kifua haipende njaa."

Kwa nyumba za kambi ya wakimbizi mtakuta shida nyingine. Mto ukifurika na sakafu ikibaki na unyevu, mtu hana mwenye nyumba wa kumwandikia. Barua huenda kwa shirika linalosimamia makazi, na nakala kwa afisa wa afya, kwa sababu mamlaka ya afisa wa afya hayaishii kwenye ua wa kambi. Mama Solange mwenyewe nilimwandikia barua kama hiyo baada ya mvua moja mbaya. Niliiandika siku ile ile, kabla hajakaa kwenye kiti. Trufena alikuwepo, akaona, akatazama pembeni.

Oh, ninazikumbuka zile siku tatu za kila wiki mbili. Kazi ikiisha saa kumi na moja nilikwenda kwa Trufena. Tulikaa nje upande wa kivuli, vumbi likipita barabarani na watoto wa Mama Solange wakigombania mpira, na yeye akinisimulia yaliyosemwa darasani siku hiyo. Kulikuwa na joto la kukausha mate. Niliporudi Lodwar nilikuwa na mchanga masikioni na nilikuwa na furaha ya kijinga, mzee mzima. Hatukuwahi kuzungumza juu ya barua. Mimi niliogopa, na yeye, nadhani, aliniacha niogope.

Nilistaafu. Siku ya mwisho Kakuma nilivaa shati jipya. Nilimwambia kwanza kwamba nilimkosea, nikataja yote, mwenyekiti, soda, rula. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikulaumu mwaka mzima," alisema. "Halafu nikachoka kukulaumu. Inamaliza pumzi."

Ndipo nikamwambia kwamba nampenda, kwamba nina nyumba Kakamega, na kwamba ningetaka turudi nyumbani pamoja.

Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mama yake alipofariki alikwenda nyumbani peke yake, kwa basi. Ilikuwa msimu wa mvua. Siku ya pili, kabla ya kaburi kufunikwa, kifua kilimfunga, akapelekwa hospitali akiwa na midomo ya buluu. Daktari wa kule alimweleza. Kwetu kila kitu kina kuvu kidogo, ghala la mahindi, godoro, majani ya migomba, msitu wenyewe, na mtu mzima mwenye mapafu mazima haisikii. Mapafu yake yeye yalikuwa yameshaijua. Angetoka mapema kwenye kile chumba, yangesahau. Alikaa mno.

"Mimi kwetu nimeshapazika, Shivachi," alisema. "Nikirudi nitakaa siku tatu. Huku nitakaa miaka."

Nikasema basi nabaki mimi Kakuma. Akatikisa kichwa. Alijua mama yangu bado yuko hai, haoni, hana mwana mwingine, na kila jioni anauliza kama nimeshapanda gari. "Usimfanyie mamako ulivyonifanyia," akasema, "usimwambie angoje kidogo." Hakulisema kwa ubaya. Alinishika mkono hadi kituoni, mbele ya watu, akiwa na lile gauni lake la madoa ya chaki.

Kwa hiyo, wanangu, mkiwa na mwenyekiti wenu, na kila mmoja wenu atakuwa naye, awe mjomba, mchungaji, au mtu aliyemzika mke wako, mheshimuni, mkanywe chai kwake, mkamsikilize. Lakini barua iandikwe kwanza, isainiwe, nakala ibaki. Mtu mwema hatakasirika zaidi kwa sababu ya karatasi, na akikasirika, afadhali hasira yake kuliko kovu la mwingine.

Mimi niko Kakamega sasa na mama. Mwaka jana Trufena aliniomba kitu kwa simu, akicheka kidogo kama mtu anayeomba pipi. Tangu hapo, mvua ikianza kugonga mabati saa tisa, nampigia, sisemi salamu wala yeye hasemi. Naiweka simu dirishani, nakaa kando yake. Jana ilinyesha kubwa. Alisikiliza mpaka salio langu likaisha.